Kabla ya Kuwapigia Waandishi, Mpigie Mwenyekiti wa Kijiji

Kila ajira za maofisa habari wa serikali zinapotangazwa, kuna kijana atanipigia simu. Amepangiwa taasisi ya wanyamapori, ana furaha, na swali lake la kwanza huwa ni kamera: anunue ipi, na lenzi ya kumpigia simba aliye mbali iwe ya ukubwa gani. Namjibu, kisha namuuliza kama ana namba za wenyeviti wa vijiji vinavyopakana na hifadhi aliyopangiwa. Hapo mazungumzo huanza upya.

Kazi hiyo nimeifanya hapa Tanzania kwa miaka kadhaa, katika taasisi ya serikali ambayo sitaitaja, maana baadhi ya ninayoyaeleza ni machungu na wengi waliohusika bado wako kazini. Nilitoka redioni. Barua ya ajira ilitaja majukumu yangu: kutangaza vivutio, kuandaa taarifa kwa umma, kusimamia mitandao ya kijamii, kuratibu ziara za viongozi. Haikuwa na mstari hata mmoja kuhusu mtu aliyeuawa na tembo. Naandika kwa ajili ya huyo kijana na wenzake, kwa sababu mstari huo ndio uliokula sehemu kubwa ya usiku wangu.

Miezi ya mwanzo ilikwenda kama barua ilivyosema. Mgeni mashuhuri kaja, piga picha. Kiongozi kazindua lango, piga picha. Nyumbu wanavuka mto, piga picha, weka Instagram, jibu wanaouliza viingilio. Ukurasa wetu ulikuwa na wafuasi wengi, na kila Jumatatu kwenye kikao tulisomewa takwimu za waliopenda na waliosambaza. Hakuna aliyeuliza ni wangapi kati yao wanalala umbali wa kusikia tembo akivunja mahindi.

Kisha ukaja msimu wa mahindi kukomaa. Kama hujawahi kukaa vijiji vya mpakani, msimu huo watu hawalali ndani. Wanapanda kwenye dungu, kile kichanja cha miti juu ya shamba, wakiwa na tochi, debe la kugonga na moto chini. Tembo huja usiku wa manane, kimya kuliko unavyofikiria kwa mnyama wa ukubwa ule, na mara nyingi mwenye shamba hujua yuko pale anaposikia bua linakatika.

Usiku mmoja kijana wa kijiji kimojawapo alishuka kwenye dungu kwenda kulifukuza kundi la tembo. Akauawa.

Mimi nilipata habari saa mbili asubuhi kutoka kwa mwandishi aliyekuwa Dar es Salaam, akitaka kauli ya taasisi. Askari wetu walikuwa wamefika eneo la tukio tangu alfajiri. Taarifa ilishapita kwenye redio ya upepo kutoka kituoni kwenda kanda, kutoka kanda kwenda chumba cha operesheni makao makuu. Ilifuata njia yake yote kwa utaratibu, na kitengo cha mawasiliano hakikuwa kwenye njia hiyo. Picha ya mwili ilikuwa tayari kwenye makundi ya WhatsApp ya wilaya nzima.

Nikaandika taarifa fupi. Ikapanda. Tangu taasisi zetu ziingie kwenye mfumo wa jeshi usu, yaani wenye vyeo na amri kama jeshini, nidhamu ya amri imekuwa kubwa, na kwa doria hilo ni jambo jema. Kwa taarifa ya kifo maana yake ni kwamba karatasi hupita kwa kila afande anayestahili kuiona, na kila mmoja huongeza kitu. Ilipotoka ilikuwa jioni. Aya ya kwanza ilieleza juhudi za taasisi katika kudhibiti wanyama wakali na waharibifu. Pole kwa familia ilikuwa aya ya nne. Ya mwisho iliwataka wananchi waache kuvamia maeneo ya hifadhi.

Kesho yake tulikwenda kijijini, mimi na mkuu wa kanda. Mwenyekiti wa kijiji, mzee wa makamo, akatupokea vizuri, tukaamkiana, tukapewa viti chini ya mkorosho. Akatoa simu mfukoni, akavaa miwani, akaisoma ile aya ya mwisho mbele ya watu wote waliokuwa msibani. Hakupaza sauti. Alipomaliza akamwambia mkuu wa kanda: "Afande, huyu kijana kafia shambani kwa baba yake. Babu yake kazikwa palepale, twende nikuonyeshe kaburi."

Tulikwenda. Kaburi lilikuwepo, na alama ya mpaka wa hifadhi hata haikuonekana kutoka pale.

Neno "kuvamia" halikuwa kosa la adabu peke yake. Kanuni za kifuta jasho na kifuta machozi, yaani malipo ya serikali kwa mazao yaliyoharibiwa na kwa mtu aliyejeruhiwa au kuuawa na mnyamapori, zilizotungwa mwaka 2011 chini ya Sheria ya Kuhifadhi Wanyamapori ya mwaka 2009, hazimlipi mtu aliyedhurika akiwa katika shughuli ya uhalifu. Kwa hiyo taarifa ya serikali inayodokeza kwamba marehemu alikuwa mvamizi inaweza kuwa karatasi ya kwanza kuwekwa mezani siku familia inapopeleka madai yake. Jambo hili sikulisoma kwenye mafunzo yoyote ya habari. Aliniambia afisa wanyamapori wa wilaya, pembeni, tukiwa bado msibani, na tangu siku hiyo nilianza kuzisoma kanuni kama nilivyokuwa nasoma mwongozo wa utangazaji.

Gharama ya ile aya waliilipa askari wa kituo, ambao hawakuiandika. Walikuwa wakichota maji kisima kimoja na wanakijiji. Ikawa wakifika, kina mama wanajaza ndoo zao na kuondoka bila kuitikia salamu. Na kijiji kile kilikuwa kikitupa habari za majangili, nani kaingia na pikipiki usiku, nani kanunua shoka jipya. Habari zikakatika. Ilichukua zaidi ya msimu mzima wa kilimo kuanza kuzipata tena, na hazikurudi kwa sababu ya tangazo lolote tulilotoa. Zilirudi kwa sababu askari mmoja wa kituo kile alikuwa akienda kulala kwenye madungu pamoja na wakulima, akiwa na mabomu baridi ya kuwatishia tembo na tochi.

Baada ya hapo ndipo nilipopata nguvu ya kuomba mambo ambayo kila afisa habari mpya wa uhifadhi angepaswa kuyaomba wiki yake ya kwanza.

La kwanza, uingizwe kwenye mnyororo wa taarifa za matukio. Mwombe mkuu wa operesheni, kwa maandishi, kwamba kifo cha binadamu, moto, mnyama aliyetoka hifadhini na vifo vya wanyama visivyo vya kawaida vifike kwako saa ileile vinapofika kwake. Usisubiri nakala ya ripoti. Ripoti ya askari huandikwa baada ya tukio kuisha, wakati umma unauliza tukio likiwa linaendelea.

La pili, rasimu ziidhinishwe kabla. Tuliandaa maandishi mafupi ya matukio ya aina tano au sita, mwanasheria akayapitia, mkuu akayasaini yakiwa na nafasi wazi za kujaza. La kifo lilikuwa hivi: "Usiku wa kuamkia leo mkazi mmoja wa kijiji hiki amefariki dunia baada ya kushambuliwa na tembo. Tunaipa pole familia yake. Askari wetu wako eneo la tukio pamoja na uongozi wa kijiji, na wanaendelea kuliondoa kundi la tembo karibu na makazi. Taarifa nyingine tutaitoa saa kumi jioni." Basi. Hakuna sababu, hakuna lawama, hakuna sifa. Na saa kumi ikifika, utoe hiyo taarifa hata kama huna jipya la kusema. Pia pawepo jina la mtu wa pili mwenye mamlaka ya kuruhusu, kwa maana wakuu husafiri, na tembo hawajui ratiba ya ndege za Dodoma.

La tatu ndilo kichwa cha habari hii. Kabla sijatuma neno kwa mwandishi yeyote, nilipiga simu kwa mwenyekiti wa kijiji au mtendaji wake, nikamsomea nilichoandika. Wakubwa wengine hawakupenda. Waliona kama nawaomba ruhusa watu wa kijiji. Lakini mara nyingi mwenyekiti ndiye aliyenisahihisha: jina la kitongoji, umri wa marehemu, kwamba hakuwa peke yake, kwamba mama yake hajaambiwa bado. Jina la marehemu hatukulitoa kabla ya familia kusema ndiyo. Msibani tulikwenda bila kamera. Niliwahi kumkatalia mpiga picha wetu kushuka kwenye gari na akanuna safari nzima ya kurudi. Ningemkatalia tena leo.

Kuhusu malipo, uyajue kwa kichwa. Kanuni za mwaka 2011 ziliweka shilingi 1,000,000 kwa kifo na 500,000 kwa ulemavu wa kudumu. Mazao yalilipwa kati ya shilingi 25,000 na 100,000 kwa ekari, kutegemea shamba liko umbali gani kutoka mpaka wa hifadhi, na hayakwenda zaidi ya ekari 5. Shamba lililo ndani ya mita 500 kutoka mpaka huo halikupata kitu. Hakikisha una nakala ya viwango vinavyotumika siku hiyo, maana watakuuliza hadharani, na ukibabaika utaonekana unaficha. Usiahidi tarehe. Madai huanzia kijijini, yanapita kwa afisa wanyamapori wa halmashauri, yanakwenda wizarani, na njiani humo wewe huna mkono. Nilifuta kabisa kwenye kompyuta yangu sentensi "malipo yatafanyika hivi karibuni". Badala yake nilijitahidi kusema faili liko ofisi gani leo. Mkulima anayejua faili lake liko wapi bado ana hasira, lakini anajua aende mlango gani.

Kuna jambo lilinichukua muda kulielewa, nalo ni namna habari njema ya makao makuu inavyosikika kijijini. Sensa ya mwaka 2009 ilikadiria tembo wa Tanzania kuwa zaidi ya 109,000. Ya mwaka 2014 ikakuta kama 43,000. Ujangili ule uliumiza nchi, na idadi ilipoanza kupanda tena ilikuwa haki yetu kufurahi na kuwapongeza askari, ambao wengine walikufa katika vita hiyo. Lakini sentensi "tembo wameongezeka" ikisomwa redioni saa mbili usiku, mtu aliye juu ya dungu anasikia kwamba serikali inashangilia kinachokuja kula chakula cha watoto wake. Sikuacha kuisema habari hiyo. Nilianza kuisema pamoja na nyingine palepale: kituo kipya kiko wapi, askari wangapi wameongezwa kijiji gani, nani amefundishwa kuzuia tembo kwa uzio wa pilipili na mizinga ya nyuki, namba ipi ya simu inapokelewa usiku. Na kabla ya kuitangaza namba hiyo, nilikuwa naipiga mwenyewe saa nane usiku. Fanya hivyo. Utashangaa.

Uvumi una njia zake. Video ya simba akitembea barabarani hupita kila mwaka, kila mara ikiwa na jina la wilaya tofauti, na wazazi wanazuia watoto wasiende shule. Ukiwa na uzoefu unaangalia namba za magari, sare za askari, aina ya miti, lugha inayosikika nyuma, unajua si hapa kwetu. Kukanusha kwa barua yenye nembo hakusaidii sana, kwa maana uvumi umesafiri kwa sauti na barua haisomwi na asiyekuwa na muda wa kusoma. Nilikuwa narekodi sauti ya nusu dakika, nikijitambulisha kwa jina na cheo, nikataja tarehe na saa, nikaituma kwa wenyeviti, walimu wakuu, watu wa bodaboda na redio ya jamii ya wilaya. Ya bodaboda ndiyo iliyokuwa inafika kwanza. Na simba akiwa ametoka kweli, nilisema ametoka kweli, katika kata ipi, na watu wafanye nini na mifugo yao jioni hiyo. Hofu ya kuwatisha watu ilikuwa ndogo kwangu kuliko hofu ya mtoto anayechunga mbuzi bila kujua.

Kwenye picha nilikuwa mkali. Picha ya faru haikutoka ofisini kwangu ikionyesha alama za masikio yake au mahali alipo, na kila faili lilisafishwa kwanza, kwa sababu simu huandika ndani ya picha mahali ilipopigwa. Askari wanaofanya kazi ya intelijensia sura zao hazikuonekana hata kwenye sherehe. Waliokamatwa tuliwaita watuhumiwa hadi mahakama iseme. Na lile zoea la kutaja thamani ya meno ya tembo kwa mamilioni katika kila taarifa ya ukamataji, nililipinga na nitaendelea kulipinga. Mwendesha mashtaka anaihitaji thamani ya nyara mahakamani, aitaje huko. Kijana asiye na kazi akiisoma kwenye simu yake anapata bei ya soko.

Mifano ya nje ya ofisi yangu ilinifundisha pia. Desemba 2019 Mamlaka ya Hifadhi ya Eneo la Ngorongoro ilitangaza kifo cha Fausta, faru mweusi jike aliyefikisha miaka 57. Taarifa ile ilieleza maisha yake: alivyoonekana kwa mara ya kwanza ndani ya kreta ya Ngorongoro mwaka 1965, alivyoanza kupoteza uwezo wa kuona, fisi walivyomjeruhi, na kwamba tangu mwaka 2016 alikuwa akitunzwa kwenye uzio. Msomaji akiimaliza hana swali la nani kamuua. Mwaka uliotangulia, kwa majirani zetu Kenya, faru weusi 11 walihamishiwa Tsavo Mashariki, na wizara ikaanza kwa kutangaza vifo 8. Idadi ikawa inapanda mbele ya macho ya dunia, mpaka hakubaki hata mmoja, na uchunguzi ukataja maji yenye chumvi nyingi. Sidhani kama kuna maneno ambayo yangelipunguza janga lile. Lakini tangu hapo, kila idadi niliyoitoa ilifuatwa na saa: "hadi saa sita mchana leo".

Na Machi 2023, simba maarufu wa Serengeti aliyeitwa Bob Junior alipouawa na simba wenzake, salamu zilimiminika kutoka mabara yote. Nilizisoma nyingi, na nilielewa huzuni ya wale waliosafiri mbali kuja kumwona. Nilichowaomba wenzangu katika fani ni kwamba mchungaji anayeuawa na simba naye apate taarifa yenye jina la kijiji chake na pole inayotangulia mambo mengine yote.

Waandishi nitawagusa kwa ufupi. Wengi wa wilayani ni wa kujitegemea, wanalipwa kwa habari iliyotoka, na hawana nauli ya kufika kijiji cha mbali. Wape nafasi kwenye gari la ofisi, uwape maji na chakula mnachokula ninyi, na usiwape bahasha ili waache kuandika. Wapeleke doria wakati wa amani. Mwandishi aliyewahi kutembea na askari kutwa nzima kwenye jua anauliza maswali magumu zaidi siku ya tukio, na ya haki zaidi.

Kazi hii itakugusa mwili. Nililala na simu chini ya mto, nikanunua vifurushi vya intaneti kwa mshahara wangu mara nyingi kuliko nilivyorudishiwa. Picha za miili zinazotumwa kwako ili uthibitishe hazifutiki kichwani kwa kuzifuta kwenye simu. Kwa muda mrefu sikumwambia mtu. Mke wangu ndiye aliyegundua kwamba nikisikia tawi linavunjika nyuma ya nyumba naamka. Sasa nawaambia vijana: picha ya mwili usiombe kama huihitaji, waombe askari wakueleze kwa maneno, na umtafute mtu wa kuongea naye mapema. Kama taasisi yako ina utaratibu wa kuwasaidia askari waliopitia matukio mazito, usikae pembeni. Dai na wewe uingizwe, uko kwenye tukio lilelile.

Kwa wakuu wa taasisi nina maombi mawili, na nimeyasema vikaoni kabla ya kuyaandika hapa. Takwimu za Jumatatu za waliopenda picha zetu ziongezewe safu moja: madai ya kifuta jasho na kifuta machozi yaliyopokelewa, yaliko, na yaliyolipwa, kijiji kwa kijiji, na orodha hiyo ibandikwe kwenye ubao wa matangazo wa ofisi ya kijiji kila mwezi. Na bajeti ya mawasiliano, kabla ya kununua kamera nyingine, ilipie muda wa hewani kwenye redio za jamii za wilaya zinazopakana na hifadhi, kipindi kimoja kila wiki, simu zikiwa wazi, na anayejibu awe afande mwenye mamlaka ya kutoa gari usiku uleule.